Nyota za Kwanza na Chuma cha Gerezani

Ukitembea Kariakoo kutoka Mtaa wa Msimbazi kuelekea Gerezani, tazama nguzo za umeme. Nyingi zimebandikwa karatasi za waganga. Wanatibu, wanarudisha mali iliyopotea, wanavuta wateja dukani, na karibu wote wana ahadi moja: kusafisha nyota. Mfanyabiashara ambaye mzigo wake hautoki anaambiwa nyota yake imefifia, au imechukuliwa na mwenye kibanda cha pili. Analipa ili irudishwe. Tusijidanganye kwamba hao ni watu wa nje ya kanisa. Wamo washarika wetu wanaotoka ibadani Jumapili, na Jumatatu wanampigia simu mwenye karatasi. Zipo pia huduma zinazojiita za Kikristo ambazo zimeyachukua maneno hayohayo zikayaingiza katika maombi: leta sadaka, nyota yako itarudi.

Ipo hofu ya pili, nayo inakaa katika nyumba hizohizo. Kijana wa sekondari anafundishwa shuleni kwamba ulimwengu una umri wa miaka bilioni 13.8 hivi na kwamba nyota huzaliwa na kufa. Anarudi nyumbani anauliza: je, hili linapatana na Mwanzo sura ya kwanza? Mzazi hajui la kusema, anamkemea. Kijana ananyamaza. Tangu siku hiyo anakuwa na akili mbili, moja ya darasani na moja ya kanisani, na mara nyingi akifika chuo kikuu anaiacha moja kati ya hizo. Wachungaji wanajua ni ipi inayoachwa.

Wa kwanza anaogopa nyota kwa kuwa anadhani zinamtawala. Wa pili anaogopa elimu ya nyota kwa kuwa anadhani itamnyang'anya Mungu. Hofu zote mbili zinapungua mtu akiijua historia yenyewe: nyota za kwanza zilitokeaje, zikaishia wapi, na binadamu wamelijuaje jambo lililotokea kabla dunia haijakuwako. Sehemu moja ya historia hiyo ilipita hapa kwetu, pwani ya Afrika Mashariki.

Kilimia

Wazee wetu hawakuwa wajinga wa anga. Kundi dogo la nyota linaloonekana kama zimebanana, wakulima wa pwani waliliita Kilimia, jina litokanalo na kulima, kwa sababu lilikuwa kalenda yao. Walitazama lini linazama na lini linazuka, wakajua mvua na msimu wa kupanda. Watafsiri wa Biblia ya Kiswahili ya Union Version, iliyotoka mwaka 1952, hawakutafuta jina la kigeni. Katika kitabu cha Ayubu na cha Amosi waliandika Kilimia, na msomaji wa pwani akaelewa mara moja ni nyota zipi zinazosemwa.

Wazee hawakuwa na njia ya kujua umri wake. Leo tunajua kwamba nyota za Kilimia ni changa, zina miaka milioni 100 hivi. Nuru yake tunayoiona usiku huu iliondoka huko zaidi ya miaka 400 iliyopita, Wareno walipokuwa bado wanaisumbua pwani yetu. Jua letu ni kubwa zaidi kwa umri: miaka bilioni 4.6 hivi. Hata jua, hata hivyo, ni la kizazi cha baadaye. Kabla yake vilipita vizazi vingine vya nyota, na cha kwanza kabisa kilizimika zamani sana.

Swali ni hili: mtu anawezaje kuandika historia ya kizazi ambacho hakuna shahidi aliyekiona?

Jina la mtaa wetu lenyewe linatusaidia kujibu. Kariakoo limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Uingereza katika Vita Kuu ya Kwanza. Waingereza walipouteka mji mwaka 1916, eneo la soko lililojengwa na Wajerumani likageuzwa kambi ya wapagazi hao. Walibeba risasi, chakula na majeruhi kwa miguu, na makumi ya maelfu yao walikufa, wengi zaidi kwa maradhi na uchovu kuliko kwa risasi. Majina ya wengi wao hayajulikani. Hakuna aliye hai aliyewaona. Hata hivyo hakuna mtu mwenye akili anayesema hawakuwako: kuna jina la mtaa, kuna daftari za jeshi, kuna sanamu ya Askari pale Posta iliyowekwa mwaka 1927 yenye maandishi yanayowataja wapagazi. Mwanahistoria anaanza na kilichobaki, kisha anarudi nyuma hatua kwa hatua. Wachunguzi wa nyota hufanya vivyo hivyo.

Mwanamke mmoja na kasisi mmoja

Ushahidi wa kwanza uko katika nuru. Ukitupa chumvi kidogo kwenye moto wa jiko, ndimi za moto zinageuka njano. Kila elementi ina rangi zake, na nuru ya nyota ikipasuliwa kama upinde wa mvua huonyesha mistari inayotaja elementi zilizomo. Mwaka 1925, Cecilia Payne, mwanamke Mwingereza aliyekuwa akisoma Marekani, aliichambua mistari hiyo akakuta jambo ambalo halikutarajiwa. Wakati ule wataalamu walidhani nyota zimeumbwa kwa vitu vilevile vya dunia, chuma kikiwa kingi. Yeye aliona kwamba karibu nyota nzima ni gesi mbili nyepesi, haidrojeni na heliamu. Mkubwa mmoja wa fani hiyo, Henry Norris Russell, alimshawishi aandike kwamba matokeo hayo huenda si ya kweli. Miaka minne baadaye Russell mwenyewe alifikia jibu lilelile kwa njia nyingine na kukiri kwamba Payne alikuwa sahihi.

Ushahidi wa pili ulifunguliwa na mtu wa kanisa. Georges Lemaître alikuwa Mbelgiji. Katika vita vilevile vilivyotupa jina la Kariakoo, yeye alikuwa askari wa mizinga huko Ulaya. Vita vilipokwisha alisoma hisabati na fizikia, na mwaka 1923 akapewa upadre. Mwaka 1927 aliandika kwamba ulimwengu unatanuka, na mwaka 1931 akapendekeza kwamba, ukirudi nyuma katika wakati, utafika mahali ambapo vyote vilikuwa vimebanana katika kitu kimoja, chembe ya mwanzo. Wengi walimwonea shaka. Baadhi walidhani kasisi anaingiza mahubiri katika hesabu.

Lakini angalia alivyofanya. Mwaka 1951 Papa Pius wa Kumi na Mbili alitoa hotuba iliyoelekea kusema kwamba elimu hii mpya inathibitisha uumbaji. Lemaître hakufurahi. Alikuwa mwamini na padre hadi kufa, ila hakutaka imani ifungwe kwenye nadharia, kwa sababu nadharia ya leo inaweza kurekebishwa kesho. Alishikilia kwamba hesabu zake zisimame au zianguke kwa ushahidi, na kwamba Mungu hahitaji kutetewa nazo. Mwaka 1965 ilitangazwa kwamba wataalamu wawili nchini Marekani, Arno Penzias na Robert Wilson, wamepata mnururisho hafifu unaotoka kila upande wa anga, ambao ni joto lililobaki la ule mwanzo. Lemaître alipata habari hiyo muda mfupi kabla ya kufariki mwaka 1966.

Giza, kisha nuru

Basi historia yenyewe, kwa kadiri inavyojulikana sasa, ni hii. Mwanzoni ulimwengu ulikuwa moto mno na umebanana. Katika dakika chache za kwanza zilifanyika elementi nyepesi tu. Kwa uzito, robo tatu zilikuwa haidrojeni, robo moja heliamu, na chembe kidogo sana za lithiamu. Hapakuwa na kaboni, wala oksijeni, wala chuma. Hapakuwa na kitu ambacho ungeweza kutengenezea hata jiwe moja.

Baada ya miaka 380,000 hivi joto lilishuka kufikia nyuzi 3,000, na nuru ikaweza kusafiri bila kuzuiwa. Kisha ulimwengu ukaendelea kupoa na giza likaingia, giza la muda mrefu, kwa sababu hapakuwa bado na nyota hata moja. Gesi ilikuwa imetandaa karibu sawasawa kila mahali, ila si sawasawa kabisa. Mahali palipokuwa na gesi kidogo zaidi palivuta gesi ya jirani, na kadiri palivyovuta ndivyo palivyozidi kuwa na nguvu ya kuvuta. Kazi hiyo ilichukua mamilioni ya miaka.

Hapa pana ugumu mmoja. Gesi ikibanwa hupata joto, na gesi yenye joto hukataa kubanwa, kama mvuke unavyosukuma kifuniko cha sufuria. Ili nyota itokee, sharti wingu la gesi lipoteze joto lake. Katika mawingu ya leo kazi hiyo hufanywa na kaboni, oksijeni na vumbi, hata wingu likapoa kufikia nyuzi 260 hivi chini ya sifuri. Zama zile vitu hivyo havikuwako. Palikuwa na molekuli za haidrojeni tu, ambazo hupoza kwa shida, na wingu liliishia kwenye nyuzi 70 hivi chini ya sifuri. Wingu lisilopoa vizuri huhitaji uzito mkubwa zaidi ili lijikunje liwe nyota. Ndiyo maana wataalamu wanaamini kwamba nyota nyingi za kwanza zilikuwa kubwa mno, makumi ya mara ya uzito wa jua, na pengine mamia.

Ziliwaka lini? Makadirio ni kati ya miaka milioni 100 na 200 baada ya mwanzo. Ziliishi muda gani? Jua letu limepewa kama miaka bilioni 10, nalo limefika karibu nusu. Nyota kubwa hutumia kuni zake kwa pupa na kumalizika katika miaka milioni chache. Ndani yake haidrojeni hubanwa ikawa heliamu, heliamu ikawa kaboni na oksijeni, na kuendelea hivyo hadi chuma. Hapo moto hukoma. Chuma ni kama majivu, kwani ukikibana zaidi hakitoi nguvu, kinakula nguvu. Kitovu cha nyota huporomoka katika muda mfupi kuliko kupiga chafya, na mara nyingi tabaka za nje hulipuka na kutawanya angani yote yaliyopikwa humo. Chuma kingine kilikuja baadaye, kutoka katika milipuko ya nyota ndogo zilizokwisha kufa.

Mwaka 1957 wataalamu wanne, Margaret Burbidge, Geoffrey Burbidge, William Fowler na Fred Hoyle, waliandika kwa kirefu namna elementi zinavyopikwa ndani ya nyota. Hoyle hakukubali kwamba ulimwengu ulikuwa na mwanzo, na alimpinga Lemaître kwa miaka mingi. Kuhusu mwanzo, ushahidi ulikwenda upande wa Lemaître. Kuhusu upishi wa elementi, Hoyle na wenzake walikuwa na haki. Kanisa linaweza kujifunza hapo: ukweli huja pia kwa mkono wa mtu tusiyekubaliana naye.

Uhuru kutoka Ngomeni

Sasa tuje pwani yetu. Kaskazini ya Malindi kuna kijiji cha Ngomeni, na baharini mbele yake Waitaliano chini ya Luigi Broglio walisimamisha jukwaa la chuma la kurushia roketi, wakaliita San Marco. Walichagua mahali hapo kwa sababu ni karibu na ikweta, ambako mzunguko wa dunia huipa roketi msukumo wa ziada.

Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikiadhimisha miaka saba ya uhuru, roketi iliruka kutoka jukwaa hilo ikibeba setilaiti ya Marekani. Ilikuwa ya kwanza duniani kutengenezwa kwa kazi moja tu ya kutazama eksirei zinazotoka angani. Eksirei hizo hazifiki chini, hewa inazizuia, na ndiyo sababu ilibidi kupanda juu ya hewa. Marjorie Townsend, mhandisi aliyeuongoza mradi huo upande wa NASA, aliipa jina la Kiswahili kwa heshima ya siku ile: Uhuru. Mtaalamu mkuu wa kazi yake, Riccardo Giacconi, alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2002.

Uhuru ilifanya kazi hadi mwaka 1973 na kuorodhesha vyanzo 339 vya eksirei. Miongoni mwa mambo iliyoonyesha ni kwamba makundi makubwa ya galaksi hutoa eksirei, na si kutoka katika galaksi moja moja, bali kutoka eneo lote lililo kati yake. Ilionekana kwamba kati ya galaksi kuna gesi yenye joto la mamilioni ya nyuzi. Swali likawa: gesi hiyo ni ya zamani zile za mwanzo, haidrojeni na heliamu tupu, au imepitia mikononi mwa nyota?

Jibu lilitoka Ngomeni tena. Tarehe 15 Oktoba 1974 setilaiti ya Uingereza, Ariel V, ilirushwa kutoka jukwaa lilelile. Mwaka 1976 wachunguzi wa chuo kikuu cha London walitangaza kwamba katika eksirei za kundi la galaksi liitwalo Perseus wameona alama ya chuma. Chuma hakikuwako mwanzoni, kinapikwa ndani ya nyota tu. Kwa hiyo gesi ile iliyotandaa kati ya galaksi ilikuwa imechanganyika na mabaki ya nyota zilizokufa. Watu waliokuwa wakivua samaki Ngomeni siku zile waliona moshi ukipanda, na wachache sana kati yao waliambiwa maana yake. Data zilisomwa Marekani na Uingereza. Jina lilikuwa la Kiswahili, lakini habari ilichelewa mno kufika katika Kiswahili. Ni vema watoto wetu waisikie, wajue kwamba elimu hii haikutokea katika nchi za mbali tu.

Tangu hapo ushahidi umeongezeka. Mwaka 2014 wataalamu nchini Australia walitangaza nyota moja kongwe ambayo chuma chake hakikuweza hata kupimwa. Kama kipo, ni chini ya sehemu moja ya milioni kumi ya kile cha jua. Inaaminiwa kwamba ilizaliwa kutokana na majivu ya nyota moja tu ya kizazi cha kwanza, kama vile mjukuu anayetupa habari za babu tusiyemwona. Na siku ya Krismasi mwaka 2021 ilirushwa darubini ya anga iitwayo James Webb. Imeona galaksi ambazo nuru yake iliondoka ulimwengu ukiwa na miaka milioni 300 hivi tu. Mwaka 2025 ilitangazwa kwamba katika moja ya galaksi hizo imeonekana oksijeni. Maana yake hata mapema kiasi hicho, kulikuwa na nyota zilizokwisha kuishi na kufa. Nyota ya kizazi cha kwanza yenyewe bado haijathibitishwa kuonekana. Tunaijua kwa ilichoacha.

Chuma kilicho mikononi mwetu

Ilichoacha si mbali. Huko wilaya ya Mbozi, mkoa wa Songwe, kiko kimondo kikubwa cha uzito wa tani 16 hivi. Kilianza kuandikwa na wataalamu mwaka 1930, ingawa wenyeji walikijua kabla. Karibu asilimia 90 yake ni chuma. Kipande hicho kiliganda jua letu likiwa changa, na chuma chake kilikuwa kimekwisha kupikwa katika nyota zilizotangulia jua. Ukikiwekea kiganja unagusa kitu kilichokuwapo kabla ya mlima wowote wa Tanzania.

Chuma cha ardhini kina asili hiyohiyo. Wahaya wa Kagera walikuwa wakikiyeyusha miaka 2,000 hivi iliyopita, na wachimbaji wa mambo ya kale wameyakuta matanuri yao karibu na Kemondo. Leo nenda Gerezani: fundi anagonga bati kutengeneza jiko, mwenzake anachomelea geti, kijana anapita na mkokoteni wa vyuma chakavu. Kila kilo inayopimwa pale kwenye mizani ilipikwa ndani ya nyota fulani iliyokwisha kuzimika.

Na si Gerezani tu. Katika mwili wa mtu mzima kuna chuma gramu 3 hadi 4, sawa na msumari mmoja mdogo, na sehemu kubwa iko ndani ya damu, ikibeba oksijeni kutoka mapafuni. Mama mjamzito anapokwenda kliniki hupewa vidonge vya madini chuma ili damu yake isipungue. Mara ngapi mama mwenye kizunguzungu na moyo kwenda mbio ameambiwa nyota yake imechezewa, akapelekwa kwa mganga, wakati alichopungukiwa ni chuma? Huo ni ujinga unaoua, na kanisa halina ruhusa ya kuunyamazia.

Tujibu nini?

Kwanza, kwa mwenye kuogopa kuibiwa nyota. Nyota ni gesi. Inazaliwa, inatumia kuni zake, inakwisha. Haina jina lako na haina habari ya duka lako. Maandiko yalilisema hilo katika nchi ambazo majirani waliziabudu nyota. Kumbukumbu la Torati sura ya 4 inawaonya Waisraeli wasizisujudie. Isaya 47 inawacheka wanajimu wa Babeli walioshindwa kujiokoa wenyewe. Yeremia 10 inawakataza watu wa Mungu kuogopa ishara za mbinguni. Na Mwanzo sura ya kwanza, inapofika kwenye nyota, inazitaja kwa maneno machache sana, kama mtu anayetaja vyombo vya nyumba baada ya kumtaja mwenye nyumba. Atakayeuliza habari za Mamajusi, na asome Mathayo 2 hadi mwisho. Walifuata nyota, lakini magoti waliyapiga mbele ya mtoto.

Mzigo usipotoka, basi, tufungue daftari. Tuangalie kodi ya fremu, bei ya mwenzetu, ubora wa bidhaa, na ile mikopo ya kausha damu inayomaliza faida kabla haijaingia mfukoni. Tuombe pia, maana Mungu anajali riziki zetu. Lakini tusimlipe mtu kwa ajili ya kurudisha kitu ambacho hatukuwahi kupewa na hakuna awezaye kukichukua.

Pili, kwa kijana mwenye swali. Tusimkemee. Tumwambie kwamba aliyeanza kueleza mwanzo huo alikuwa padre, wala hakuacha kusali. Tumwambie pia onyo la padre huyo: asikimbilie kusema kwamba sayansi imemthibitisha Mungu, na asikimbilie kusema imemfukuza. Sayansi inaeleza gesi ilivyojikunja ikawaka. Haisemi kwa nini kuna kitu badala ya kutokuwa na kitu, wala haimwambii mtu amsamehe nani leo jioni. Mtunga Zaburi ya 8 alitazama mbingu kwa macho tu akauliza binadamu ni nini hata akumbukwe. Sisi tumeongezewa hesabu, na swali lake limezidi kuwa zito. Nyota za kwanza ziliwaka na kuzimika mabilioni ya miaka kabla hajazaliwa mtu wa kuzitazama, na kutoka katika majivu yake na ya nyota zilizofuata ikapatikana damu inayotembea katika mitaa ya Kariakoo. Anayeamini kwamba Mungu ni Muumba hana sababu ya kuona haya kwa kuwa Muumba alichukua muda mrefu.

Maswali ya kujadili katika jumuiya

1. Ni maneno gani kuhusu nyota yanayotumika nyumbani kwetu au katika biashara zetu, na yanaleta hofu gani?

2. Kijana akiuliza swali la sayansi katika Shule ya Jumapili au kipaimara, tumekuwa tukimjibuje? Ni nani katika usharika wetu, mwalimu, muuguzi au fundi, anayeweza kusaidia kumjibu?

3. Tusome Zaburi ya 8 na Yeremia 10:1-5. Sehemu hizo mbili zinatufundisha kuzitazama mbingu kwa namna gani?